Agosti upande wa kaskazini wa ziwa: Ahero, Dunga, Kanyaboli, Bunyala mpaka mdomo wa Nzoia

Jumapili

Kila mwaka Agosti ikifika wapenda ndege wa huku kwetu wanaanza wimbo wao, ati tulia kwanza, ngoja Novemba, saa hii hakuna kitu juu wageni wa Ulaya bado wako kwao kiangazi wanalea watoto. Mimi hiyo stori hainiingii. Agosti ukishuka ule upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, uanze na tambarare za Kano, upite Kisumu na Siaya mpaka Busia karibu na Uganda, unapata makundi matatu kwa mpigo: wale wametoka Ulaya mapema, wale hawakurudi Ulaya kabisa mwaka huu juu bado ni vijana hawajafika umri wa kuzaa, na wale wanatoka kusini na Madagaska wakingoja msimu wao wa kutaga ufike. Hapo bado hujahesabu wenyeji wa mafunjo ambao wako mwaka mzima na hakuna mahali pengine Kenya utawapata ila hili ziwa. Basi nikaomba likizo, nikafunga darubini, gamubuti, daftari na lenzi ya kuazima (mwenyewe aliniapisha kwanza), na asubuhi mapema niko steji ya Nakuru nangoja matatu ijae, baridi inauma kabisa.

Watu waliniuliza kwani ziwa letu la Nakuru lina shida gani. Ziwa letu ni zuri, mwaka 1990 lilikuwa la kwanza Kenya kuingia orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya ardhioevu muhimu, lakini tangu maji yaanze kupanda ile miaka ya 2010 kingo za tope zimezama, geti kuu la zamani likaingia majini, migunga imekauka imesimama ndani ya maji, na ndege wa tope hana pa kuweka mguu. Heroe wao wakitaka wanakuja, wakichoka wanahamia Bogoria, hao wana ratiba yao. Mimi nilikuwa nataka tope.

Na tope lenyewe nililipata Ahero kabla hata sijafika Kisumu. Skimu ya mpunga ya Ahero iko hapo tangu 1969, na uzuri wake ni kwamba mashamba hayako hatua moja, hili limelimwa juzi, lile limejaa maji, lile lingine mpunga umeiva wanawake wanavuna, kwa hivyo kila ndege anachagua kina cha miguu yake. Nduthi (bodaboda) akaniacha kwa mfereji saa saba hivi mchana jua kali na shamba la kwanza tu nikakuta sandipaipa wa msituni, Tringa glareola, ishirini na tatu, madoadoa mgongoni, nyusi nyeupe, wanadokoa tope mbiombio. Hawa walikuwa Juni kwa mabwawa ya Finilandi na Urusi ambako jua la kiangazi halizami. Na kuna kitu napenda kuhusu hao: mayai yakishaanguliwa mama ndiye anaondoka kwanza, baba anabaki na watoto mpaka waweze kuruka. Kwa hivyo hao wa mapema hivi ni wakubwa, na nadhani wengi ni akina mama waliomaliza zamu yao. Watoto hufuata baadaye peke yao, bila kuonyeshwa njia na mtu.

Mama mmoja aliyekuwa anapandikiza akasimama kunyoosha mgongo na kuniangalia.

"Unatafuta nani, nyathina (mtoto wangu)?"

"Ndege, mama."

"Hawa wanamaliza mpunga wetu?"

Anaongea kuhusu kwelea, na ana haki, juu mwanzoni mwa 2023 walivamia mpunga wa huku Kisumu mpaka serikali ikaanza kupuliza dawa. Nikampa darubini nikamwonyesha sandipaipa, nikamwambia huyu mpunga hagusi, anakula wadudu na minyoo. Akaangalia kidogo. "Miguu mingi kuliko mwili," akasema, akanirudishia, akaendelea na kazi yake.

Wengine wa Ahero: yule wa miguu mirefu myekundu, mweusi na mweupe, Himantopus himantopus, kama arobaini, kwarara wa kung'aa wengi sijahesabu, okok (yangeyange) bila idadi nyuma ya trekta, na dume moja la rafu, Calidris pugnax, bado ana mabaki ya manyoya ya shingo ya msimu wa mapenzi, yanaanguka vipande vipande anakaa mtu ametoka harusini kwa miguu. Madume ya rafu hayalei, yakishapanda yanaondoka zao, ndio maana mwezi wa nane yako huku. Nililala Kisumu kwa dada, shemeji akaniambia nimechomeka uso, kweli nilikuwa nimechomeka.

Jumatatu

Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Hii ndio siku nilikuwa naiwaza tangu Juni.

Nilifika ufuoni saa kumi na mbili kasoro, mashua za omena (dagaa) ndio zinarudi na taa zao, kina mama wameshakaa na ndoo. Mzee wa mashua niliyekuwa nimeongea naye kwa simu alikuwa ameketi kwa kichwa cha boti anakunywa chai. Nikamsalimia kwa Kijaluo, "Oyawore jaduong'," habari ya asubuhi mzee, akacheka venye nimetamka, kutoka hapo mpaka jioni jina langu likawa nyar Nakuru, binti wa Nakuru.

Watu wengi wakija Dunga wanataka injini iwashwe waende Hippo Point waone viboko warudi. Mimi nikamwambia jaduong' tupige kasia tu, twende taratibu kando ya mafunjo, tukae. Akaniuliza tukae mpaka saa ngapi, nikamwambia mpaka ndege achoke na sisi. Alikubali lakini aliangalia saa.

Mafunjo yanafika mita nne mpaka tano, ukiwa kwa boti ni ukuta. Ndege wa ndani huwaoni, unawasikia kwanza. Wa kwanza alikuwa yule kucha-mafunjo wa mabawa meupe, Bradypterus carpalis: anaanza polepole, chip, chip, halafu anaongeza kasi, halafu mwisho unasikia mabawa yake yanapiga prrr ndani ya majani. Nilisikia watatu kwa umbali ambao naweza kurusha jiwe. Kumwona? Mgongo wake tu, sekunde mbili. Halafu yule mkubwa wa kahawia, Acrocephalus rufescens, anakoroma koroma na maneno yake ya ajabu, huyo hana aibu anakaa juu kabisa ya shina.

Saa moja na nusu tukamsikia gonoleki wa mafunjo, Laniarius mufumbiri. Wanaimba wawili, dume anapiga mbinja, jike anajibu na sauti ya kukwaruza haraka sana mpaka unadhani ni ndege mmoja. Tukasimama. Kimya. Halafu upande wa kushoto tena, karibu. Jaduong' mwenyewe ndiye alimwona kwanza, akaninyoshea kasia, na hapo kwa mafunjo yaliyolala kidogo akatoka: mgongo mweusi, mstari mweupe kwa bawa, kifua na tumbo jekundu, na kichwani ile kofia ya manjano-dhahabu ambayo ndiyo inamtofautisha na ndugu yake wa vichakani. Wa vichakani, gonoleki kichwa-cheusi, tulimwona baadaye kwa miti ya hoteli ufuoni, mwekundu hivyohivyo lakini kichwa cheusi tupu, na yeye yuko kila mahali Kisumu hata kwa ua la mtu. Wa mafunjo hawezi. Huyo anataka mafunjo marefu, mazito, yasiyokatwakatwa. Ukiyakata viraka viraka anahama, na akihama hana mahali pa kwenda maana ziwa lina mwisho.

Na mafunjo yanakatwa, hiyo iko wazi, njiani tulipita mitumbwi miwili imejaa mpaka inazama. Lakini sitaki kuongea kama mtu wa Nakuru aliyekuja siku moja. Jaduong' aliniambia mke wake amesomesha watoto kwa mikeka, na mafunjo ukikata vizuri yanaota tena ndani ya miezi michache, shida ni moto na kulima mpaka kwa maji. Nikimsikiliza nikaona kikundi cha pale Dunga wanaotembeza wageni kwa ile njia ya mbao wanajua hii hesabu vizuri kuliko wanaoandika ripoti.

Mdiria wa mabaka nilihesabu mpaka sitini nikaacha. Wanaruka pale pale juu ya maji, wanadondoka, wanatoka na omena. Zamani chakula chao kikubwa hapa ziwani kilikuwa furu, samaki wadogo, halafu mbuta (sangara) ikaongezeka miaka ya themanini ikamaliza furu, omena ikajaa, na mdiria naye akabadilisha menyu. Nani asingebadilisha.

Kabla turudi: chiriku wa mafunjo (Crithagra koliensis) wawili wanakula mbegu kwa vichwa vya mafunjo, shore wa vinamasi mmoja kwa kamba ya boti ya watu, dudumizi kichwa-buluu, furukombe jozi, kukuziwa mweusi na vifaranga vinne wanatembea juu ya gugu maji. Jaduong' akaniuliza huyu chiriku nimelipa pesa yote hii kumwona anafanyia nini. Nikamwambia hakuna Nakuru. Akasema basi hapo sawa.

Jumanne

Asubuhi nilienda mabwawa ya majitaka ya Nyalenda. Ndiyo, majitaka. Shemeji alikataa kunisindikiza. Harufu unazoea baada ya nusu saa, au pua inakata tamaa, sijui, lakini kwa ndege wa tope hakuna mahali Kisumu mjini panashinda hapo: sandipaipa wa kawaida wanatikisa mkia kila baada ya mita chache, sandipaipa kijani watatu (mgongo wa giza, kiuno cheupe akiruka), miguu-kijani mkubwa mmoja ambaye naamini ni kijana aliyebaki, juu manyoya yake ya bawa yamechakaa kabisa, hayo si manyoya ya mtu ametoka safari ndefu juzi na akafika salama. Huwa wanafanya hivyo, wa mwaka wa kwanza wengi hawarudi kaskazini, wanapitisha kiangazi huku Afrika wakijilia. Buabua bawa-jeupe pia, wanne, wawili bado na weusi wa msimu wa kutaga kifuani.

Kuhusu kurekodi: mimi huwa natumia Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya tunayoijaza sisi wenyewe, ambapo nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, na kadi kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, halafu unaweza kuongeza mpaka siku tano. Kwa hivyo hata kama umechoka na harufu, saa mbili ni saa mbili.

Mchana nikapanda matatu ya Siaya kupitia Maseno na Luanda. Mvua kubwa. Konda akaweka mbuzi mdogo karibu na miguu yangu. Gesti Siaya, ugali na ngege, nikalala.

Jumatano

Ziwa Kanyaboli, nduthi ya saa kumi na moja asubuhi kupitia barabara ya matope, jamaa alikuwa anaendesha akiniambia hadithi za kale za Wajaluo, za Simbi na Ramogi, bila kuangalia mbele. Ukiangalia upande wa magharibi unaona kilima cha Got Ramogi, ambako Wajaluo wanasema mababu wao walitua kwanza walipoingia Kenya, na chini yake kijani kinachokwenda mpaka macho yachoke, hicho ndicho kinamasi cha Yala, hekta kama 17,500, kinamasi kikubwa zaidi cha maji baridi Kenya. Tangu miaka ya sitini kama hekta 2,300 zilikaushwa kwa kilimo na tangu hapo kila baada ya miaka kunakuja mtu mwingine na mpango mwingine. Siwataji, wanajijua.

Kanyaboli yenyewe ni ziwa dogo lililotengwa na lile kubwa kwa mafunjo, na kutengwa huko ndiko kumeliponya: mbuta haikuingia. Kwa hivyo ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye ziwani Victoria karibu ametoweka, bado anavuliwa hapa na kijana na mtumbwi wake. Kijana aliyenipeleka, namwita omera tu na yeye aliniita sister, alinionyesha mmoja kwenye ndoo yake kabla sijauliza.

Hapa ndege walikuwa wengi kuliko naweza kuandika vizuri. Gonoleki wa mafunjo jozi tatu kwa kusikia, moja kwa kuona. Keremu kifua-buluu wadogo wamejipanga kwa shina moja, saba, wanasukumana. Mnana koo-kahawia wanajenga viota juu ya maji, dume mmoja anafuma, jike anakuja anakagua anaenda, dume anaanza kubomoa. Chozi kifua-chekundu kwa maua ya ufuoni. Jakana, yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi na vidole virefu, baba na makinda mawili, kwa hawa ndege baba ndiye analalia mayai na kulea, na akiona hatari anawabeba makinda chini ya mabawa miguu inaning'inia nje. Nilitaka sana kuona hiyo miguu inaning'inia. Hakuna hatari iliyokuja.

Halafu kucha wa manjano wa mafunjo, Calamonastides gracilirostris. Huyu ndiye adimu wa wote wa humu ndani, yuko kwenye orodha ya walio hatarini, na sauti yake ni ya upole, mbinja nyororo fupi fupi, hata upepo kidogo unaifunika. Omera akaacha kasia. Tukakaa pale nadhani saa nzima, mgongo unauma, mbu, jua. Tukamsikia mara mbili, wazi, upande wa ndani kabisa. Kwa kadi yangu nimeandika "kusikia". Kuna watu wakisikia tu hawahesabu. Kwa ndege wa mafunjo hiyo sheria ni ya watu wanaopenda picha kuliko ndege.

Nzohe, wengi humwita sitatunga, tuliona nyayo tu kwenye tope, ndefu, zimetanuka. Omera anasema huwa anazama maji mpaka pua pekee ndiyo inabaki nje. Nikamwuliza ashawahi kumwona, akasema alfajiri mara kadhaa, na babu yake zaidi.

Alhamisi

Siaya, Nyadorera, kuvuka daraja la Ruambwa, mpaka mashamba ya mpunga ya Bunyala. Hapa ndipo safari ilitoa kitu chake.

Nilikuwa nimeshapita shamba la nne hivi natafuta rafu, nikaona kulastara wadogo wa kahawia watano kwa tuta, wale wa kawaida wa mpunga, shingo fupi wameinama. Mmoja alikuwa na kitu. Mgongo wake ulikuwa wa giza zaidi, kahawia ya kahawa bila maziwa, michirizi ya shingo minene, mizito, kwenye shingo nyeupe badala ya ile rangi ya udongo laini ya wenzake, na mdomo mnene. Nikakaa chini kwenye tope nikaangalia dakika arobaini. Nilikuwa namngoja aruke. Aliporuka, ng'ombe walipopita, mabawa meupe kabisa yakatoka chini ya ule mgongo mweusi-mweusi, na utofauti ulikuwa mkali sana, na hapo nikajua, kulastara wa Madagaska, Ardeola idae.

Huyu ndege yuko hatarini kutoweka duniani. Anataga Madagaska na visiwa vichache vya karibu, akiwa na harusi anakuwa mweupe wote na mdomo wa buluu, halafu kuanzia Mei anavuka bahari anakuja bara mpaka Oktoba. Ukingoja Novemba, yeye ameshaenda. Nilipiga picha mpaka kadi ya kamera ikalalamika.

Ilibidi nifurahi kimya kimya maana Bunyala ina hadithi yake mbaya na wenyeji wanaijua. Tangu 2009 watafiti wameandika jinsi ndege wanavyotegewa sumu ya kabofurani kwenye haya mashamba ili wauzwe kama nyama: konokono wanapakwa sumu, wanamwagwa shambani, na korongo domo-wazi hai anafungwa kamba katikati ili wenzake wakiona mwenzao ametulia wanaamini pako salama wanashuka. Korongo huyu chakula chake ni konokono, mdomo wake una mwanya wa kushikia hao hao konokono, kwa hivyo hana namna. Sandipaipa na rafu nao wanakufa kwa mchwa waliotiwa dawa. Nyama hiyo watu wanakula. Mimi siku hiyo sikuona ndege amefungwa, niliona korongo domo-wazi kama mia mbili wakizunguka juu kwa hewa ya moto, na nilijikuta naangalia kila mmoja aliyesimama peke yake kama ana kamba mguuni.

Mzee mmoja mlinzi wa mifereji alikaa na mimi tukala mahindi ya kuchoma. Nikamwonyesha picha ya kulastara kwenye kioo cha kamera nikamwambia ametoka Madagaska. Akauliza ni mbali kama Mombasa? Nikamwambia vuka Mombasa, ingia baharini, endelea. Akaniangalia, akaangalia ule mpunga. "Na akachagua kwetu," akasema.

Korongo taji, yule wa bendera ya Uganda, jozi tatu na kinda mmoja mkubwa. Tangu 2012 naye yuko kwenye orodha ya walio hatarini na hapa Bunyala anatembea kando ya nduthi.

Ijumaa

Port Victoria. Kwanza mbayuwayu: kwenye paa za ufuoni walikuwa wengi na najua mtu ataandika mbayuwayu wa Ulaya wamefika. Angalia tumbo. Hawa tumbo lao ni la kijivu chafu na rangi ya kutu kooni imeshuka mpaka kifuani, ni mbayuwayu wa Angola, wenyeji wa ziwa hili mwaka mzima. Wa Ulaya wanaanza kuonekana mwisho wa Agosti, na tumbo lao ni jeupe lenye utepe mweusi juu yake.

Boti mpaka mdomo wa Nzoia. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba migomba mizima kutoka huko juu, na watu wa Budalangi walikuwa wanaongea kuhusu matuta tu, yatashika au hayatashika, juu hapa mafuriko wanayajua kwa majina ya miaka. Pale mto unapomwaga tope ziwani kulikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga na juu yake shakwe kichwa-kijivu karibu mia tatu, mnandi, mwari, buabua bawa-jeupe themanini na kitu wakivua kwenye ule mpaka wa maji machafu na masafi, na buabua mdomo-mnene watatu. Kwenye mti uliokwama mchangani alikaa koho-samaki wa Ulaya, Pandion haliaetus, peke yake. Agosti. Wa mwaka wa kwanza hawarudi, wanabaki Afrika kiangazi chote, na nadhani huyu ni mmoja wao. Furukombe wa pale hakumtaka. Alimfukuza mara mbili, na wa Ulaya alirudi mara mbili palepale kwa mti wake.

Mchana nilizunguka malisho na viwanja vya mpira nikitafuta yule ndege wa nyasi fupi mwenye kifua cha kahawia nyekundu, Vanellus superciliosus, anayekuja magharibi mwa Kenya kutoka upande wa Nigeria kati ya Julai na Desemba, wachache sana. Niliwaona ndugu zake wa mashavu ya manjano sita. Yeye hapana. Watoto wa shule walinisaidia kutafuta, walipata bundi.

Jumamosi

Kurudi kwa mzunguko, Busia halafu Mumias, juu nilitaka kuangalia mawe ya mto Nzoia pale darajani, ambapo huwa kuna ndege mdogo wa mawe, Glareola nuchalis, mweusi-kijivu na kola nyeupe. Lakini ule mto nilioukuta jana umejaa chini, huku juu ulikuwa umejaa vilevile, na mawe yote yalikuwa chini ya maji. Mawili tu yalichungulia. Kwa moja alikaa mnandi. Nikala chapo na maharagwe, nikangoja saa mbili za kadi, nikapanda gari ya Kakamega.

Njiani nikatuma picha za kulastara kwa kundi letu la WhatsApp na fujo ikaanza. Mmoja anasema ni wa kawaida aliyelowa. Mwingine anataka mdomo kwa ubavu. Nikatuma mdomo kwa ubavu. Mwingine akauliza mgongo ni mweusi au ni kivuli, nikatuma ile ya kuruka, mabawa meupe mgongo wa giza, kimya kikaingia dakika kumi hivi mpaka nikadhani mtandao umepotea Kapsabet. Halafu mkongwe wa kundi, ambaye huwa anaandika neno moja kwa mwezi, akaandika "idae", na chini yake, "Shamba gani? Natoka Eldoret alfajiri."

Nikamtumia pini, nikamwambia amtafute mzee wa mifereji, abebe gamubuti, na asisahau kuangalia miguu ya korongo.